Faili la Ndoa ya Yusto

Zita alipoingia kwenye steshenari ya Mahmud, karibu na stendi, Yusto alikuwa ameegemea mashine ya kutolea kopi akiota joto lake. Ilikuwa Juni, na upepo wa Ufipa ulikuwa unapenya hadi kwenye uboho. Yusto hakuwa mfanyakazi wa Mahmud. Kwa maneno yake mwenyewe alikuwa mshauri wa safari za nje, ingawa yeye binafsi safari yake ya mbali kuliko zote ilikuwa Tunduma, na hata huko hakuvuka mpaka.

Kitu cha kwanza alichokiona kwa yule mwanamke kilikuwa viatu. Havikuwa na vumbi. Sumbawanga wakati wa kiangazi, kiatu kisicho na vumbi ni tangazo: hapa pana mtu aliyeshuka kwenye gari la kukodi.

Zita alitoa fomu za ubalozi zitolewe kopi, kisha akamuuliza Mahmud, kwa sauti ya mtu anayeona haya, kama mjini kuna anayejua mambo ya viza ya mwenza. Mahmud, mtu mzima mwenye duka na heshima zake, alijibu kwamba hajui. Yusto akakohoa.

Baada ya nusu saa walikuwa kwenye kibanda cha chai, na Yusto ameshajua yote. Zita alikuwa analea wazee huko Ulaya ya kaskazini, kwenye nchi ambayo jua huenda likizo miezi mitatu. Amechoka upweke. Sheria za kule zinamruhusu kwenda na mume, ila mume hana. Amepata mwalimu mmoja wa Mwimbi aliye tayari kuandikwa mume kwenye karatasi. Anachotafuta ni fundi wa kuzipanga hizo karatasi ili mwalimu apite kwenye usaili.

Akaonyesha picha ya mwalimu kwenye simu. Yusto aliitazama kwa huruma, kama daktari anavyotazama kipimo kibaya.

"Dada Zita, huyu ni mtu mwema, na hilo ndilo tatizo lake," alisema. "Akiulizwa mlikutana wapi, atasema ukweli."

Zita akauliza kwa unyonge sasa afanye nini, maana likizo inakwisha. Yusto alitazama mbali upande wa milima ya Lyamba lya Mfipa, akapumua kama mtu anayekubali kubeba msalaba wa jirani. Akasema kuna mtu mmoja anayeweza kuwa mume wa kupita usaili wowote, lakini mtu huyo anajiheshimu sana, itabidi abembelezwe.

Hakubembelezwa sana. Kwa kweli yeye ndiye aliyebembeleza, siku tatu mfululizo, hadi Zita akakubali kwa shingo upande na mwalimu wa Mwimbi akaachwa na wanafunzi wake.

Kazi ikaanza. Yusto alikuwa amewatengenezea watu wengi nyaraka zisizofika popote, lakini hii ilikuwa safari yake mwenyewe, akaifanya kwa mapenzi. Cheti cha ndoa alikichapa kwa mkono wake, tarehe ya miaka miwili nyuma, na mhuri aliuchonga kwenye soli ya kandambili kwa wembe. Picha za miaka miwili zilipigwa kwa alasiri moja. Walibadilisha nguo mara saba: wakalishana keki nyuma ya duka la Mahmud, wakasimama mbele ya kanisa la Kaengesa na mapambo ya Krismasi mwezi wa sita, wakanuniana sokoni ili ionekane ndoa ina maisha. Barua za mapenzi aliziandika yeye, zake na za Zita pia. Katika moja Zita alimwomba radhi kwa uchungu kiasi kwamba Yusto, alipoisoma tena, alimsamehe.

Jioni walifanya mazoezi ya maswali. Mkeo hulala upande gani? Ukutani. Chai anaweka sukari kiasi gani? Haweki, anaweka tangawizi. Analia akiangalia nini? Hapo Zita alifikiri muda mrefu, akasema hulia akiona mzee anasimama kwenye foleni. Yusto aliandika jibu hilo daftarini, na usiku wake akajikuta analifikiria hata bila mtihani. Alianza kunyoa ndevu kila siku. Mahmud aliliona hilo, akamwambia kwamba mvuvi akianza kumpenda samaki, atalala njaa. Yusto akacheka.

Wiki ya mwisho Zita alikuja na uso mzito. Rafiki yake alikuwa amekataliwa viza, sababu hakukuwa na mali ya pamoja. Ubalozi uliona ni mume wa kukodi. Na wale watu hupiga simu kuhakiki. Karatasi nyingine zinaweza kupita, ila hiyo ya mali lazima iwe ya kweli. Akauliza, bila matumaini, kama Yusto ana chochote.

Yusto alikuwa na ekari tatu Pito, nje kidogo ya mji, udongo mweusi unaozaa ulezi hata ukiupanda kwa hasira. Akapendekeza waandikwe wote wawili. Zita alitikisa kichwa.

"Jina lako likiwemo, watasema ana cha kurudia, huyu haendi kuishi na mkewe," alisema. "Iwe yangu peke yangu. Hapo wataona mume aliyemwamini mke wake."

Yusto alisikia hoja hiyo akaipenda, maana ilikuwa na umbo lilelile la hoja zake. Na ekari tatu ni nini mbele ya Ulaya? Wakaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha kwa wakili. Yusto akatamka mbele ya mashahidi kwamba anatoa kwa hiari, kwa mapenzi, bila kushurutishwa. Akaweka sahihi na dole gumba. Mhuri wa wakili ulikuwa wa mpira halisi.

Zita alitangulia Dar es Salaam kuwahi miadi. Yusto akamfuata na faili la kurasa tisini kwenye mapaja, akijisomea majibu njia nzima, hata abiria wa pembeni akajua kwamba mke wake hapendi vitunguu.

Jumatatu asubuhi alisimama mbele ya geti la ubalozi na tai shingoni. Mlinzi aliangalia orodha, jina lake halikuwemo. La Zita pia halikuwemo. Simu ya Zita haikupatikana saa mbili, haikupatikana saa sita, na kufikia saa tisa tai ilikuwa mfukoni.

Alirudi Sumbawanga, akaenda moja kwa moja polisi kushtaki wizi wa shamba. Askari wa zamu alimsikiliza vizuri, akafungua daftari, akauliza aliyechukua shamba ni nani kwake. Yusto akasema ni mke wake. Askari akanyoosha mkono: alete cheti cha ndoa.

Yusto alifungua faili. Alikitazama kile cheti, akautazama mhuri wa kandambili, akaitazama mikono ya askari. Akafunga faili, akasema pengine haya ni mambo ya kifamilia.

"Ndiyo, mkayamalize nyumbani," askari akamwambia.

Akapanda bodaboda hadi Pito. Shambani alimkuta mzee akilima pole pole, koti lake limetundikwa kwenye mti. Yusto alimtambua kabla hajageuka. Ni mzee Wilibrodi, ambaye miaka minne iliyopita alimkabidhi shamba hilihili ili kijana wake apelekwe kusoma nje, na kijana akaishia kuzungushwa ofisi za Mbeya mwezi mzima, akarudi kwa miguu yake. Wakati huo watu walimwambia Yusto kwamba mzee ana binti pia, anauza maharage Tunduma. Hakuona sababu ya kuuliza jina.

Mzee Wilibrodi aliegemea jembe akamtazama. Hakuonyesha hasira yoyote. Yusto alikuwa amekuja na maneno mengi, lakini mila ni mila, na mbele ya mvi linatangulia neno moja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mkwe," alisema Wilibrodi, akamwonyesha jembe jingine lililolala kwenye tuta. "Nimeziona picha za harusi. Keki ilikuwa nzuri. Sasa njoo ulime, kwetu mkwe hasimami tu akiangalia."