Mteja Wangu wa Jeddah na Bima ya Nyumba ya Mamaye

Jumapili, 2 Novemba 2014. Olaya, Riyadh

Ninaandika shajara hii ili pawepo ushahidi wa maandishi kwamba wazo lilikuwa langu, Nehemiah. Morgan atadai ni lake. Morgan hudai kila kitu, hata soksi.

Wazo lenyewe ni hili. Wakenya wengi, kabla ya kuja huku, walichukua mkopo wa kujenga nyumba kwao. Kampuni ya mikopo ikawauzia papo hapo bima ya kulinda mkopo: ukipoteza kazi, bima italipa. Nimesoma masharti yote, hadi yale yaliyochapwa kwa herufi ndogo kama sisimizi. Humo imeandikwa kwamba bima haimlipi mtu aliyepoteza kazi ya nyumbani ugenini. Yaani waliuziwa chandarua ambacho mbu wameachiwa mlango! Uingereza mabenki yanarudisha fedha za namna hii. Kwa nini si kwetu? Nitaifuta bima ya kila mteja, nitadai michango yake yote irudishwe, nami nitabaki na theluthi. Halali kabisa.

Nina Shahada ya Biashara, daraja la pili la juu. Kwa sasa ninalinda mlango wa jengo la ofisi. Kwa sasa.

Jumanne, 4 Novemba

Mteja wa kwanza!

Nilikuwa nimeweka tangazo katika ukurasa wa Wakenya wa Saudia, pamoja na picha yangu ya mahafali. Leo adhuhuri, maduka yamefungwa kwa swala, barabara tupu, hata mitambo inayochimba njia ya treni imenyamaza, simu ikalia. Anaitwa Selipher. Mtumishi wa nyumbani, Jeddah. Alichukua mkopo akamjengea mama yake nyumba huko Butere. Sasa malipo yamekatika na nyumba itapigwa mnada mwezi ujao. Alinisihi: kaka, nifanyie yote, ila nyumba ya mama isiende.

Sauti yake ni ndogo, kama ya mtu anayezungumza akiwa ndani ya sanduku. Nyuma yake kuna mngurumo usiokatika, mfano wa friji kubwa. Nilimhakikishia kwamba yuko katika mikono ya kitaalamu.

Jambo moja la kiufundi. Tulipomaliza, kioo cha simu kilikuwa kimeingia umande, na sikio langu la kushoto likafa ganzi hadi alasiri. Isitoshe, namba yake haikujiandika miongoni mwa simu zilizoingia. Ndiyo hasara ya kununua simu za bei nafuu.

Alhamisi, 6 Novemba

Nilikutana na Morgan katika mtaa wa Dirah, kwenye kijiduka cha chai. Yeye ni dereva wa familia moja tajiri na hujiona kana kwamba gari ni lake. Aliniuliza mbele ya watu kama siku hizi geti linatoa digrii ya uwakili. Watu wakacheka. Hata muuza chai Mbangladeshi, asiyejua neno la Kiswahili, alicheka! Kisha Morgan akatangaza kuwa naye ameanza kuwarudishia watu pesa za bima, na kwamba yeye anachukua robo tu.

Mwizi wa mawazo!

Nikamkomesha. Nikamwambia kwamba mimi tayari nina mteja Jeddah, anaitwa Selipher, wa Butere, na hunipigia kila siku adhuhuri. Morgan akaweka kikombe chini. Akauliza ni Selipher yupi. Nilipomweleza, akasogea karibu akanong'ona: "Msee, achana na hiyo namba. Ikilia usishike. Nakuambia kama ndugu yako."

Wivu wa wazi namna hii sijawahi kuuona. Alisahau hata kumaliza chai. Nikaimaliza mimi.

Jumamosi, 8 Novemba

Nilimpigia mama yake Selipher, mama Jerioth, ili kuhakiki taarifa. Mtaalamu huhakiki. Mama akasema hajasikia sauti ya bintiye tangu Pasaka. Wakala aliyempeleka alimwambia binti ametoroka kwa kafili, yaani mwajiri anayemdhamini, na mtu aliyetoroka bima haimtambui. Tangazo la mnada limebandikwa mlangoni. Amelifunika kwa kanga ili wageni wasilione.

Nikamwambia afute machozi. Binti yake ni mzima, nimezungumza naye jana.

Mama akapiga vigelegele hadi nikasogeza simu mbali. Alitaka kujua sauti yake ikoje. Nikasema anakwaruza kidogo, kama mwenye mafua. Akaniagiza: mwanangu, mwambie ule mlango wa jikoni aliotaka umeshawekwa, tena wa mninga.

Adhuhuri Selipher alipopiga nikamfikishia salamu. Nilisikia mngurumo tu, kisha kitu kama maji yanayodondoka. Hatimaye akauliza kwa nini nimemwambia mama kuwa yeye ni mzima. Nikajibu kwamba kumtuliza mzazi ni sehemu ya huduma, na sitamtoza kwa hilo.

Jumatatu, 10 Novemba

Ushindi! Kampuni imejibu. Wako tayari kuifuta bima ya Selipher na kurudisha michango yote, kwa sharti moja: atie sahihi kwa mkono wake. Bila shaka barua yangu iliwatisha. Nilitumia neno "kinyume cha maadili" katika kila aya.

Nilimpa habari hizo adhuhuri nikitarajia shukrani. Akasema: "Kaka, usiifute."

Nikamfafanulia kwa utulivu kwamba bima hiyo haimfai kitu. Akarudia, usiifute. Nikaeleza tena, safari hii kwa mfano wa chandarua. Akasema maneno haya, ninayanukuu kwa ajili ya kumbukumbu: "Kaka Nehemiah, mimi nimekufa."

Nikamwambia wateja wengi hukata tamaa katika hatua hii. Nikamshauri anywe maji.

Akauliza kama bima hiyo haina neno lolote kuhusu mtu aliyekufa. Nikamwambia linalo, tena zuri: mkopaji akifariki, mkopo wote unalipwa na nyumba inabaki kwa familia. Lakini kwanza kitolewe cheti cha kifo, na kifungu hicho hakimhusu mteja anayepiga simu. Nilisikia akivuta pumzi. Au tuseme nilisikia pumzi ikivutwa. Ilikuwa upande wangu, karibu na shingo. Nikageuka. Mlango wa kioo wa jengo ulikuwa na ukungu kwa ndani, na katika ukungu huo alama ya kiganja kidogo.

Nikaufuta. Wasafishaji wa siku hizi hawana bidii.

Alhamisi, 13 Novemba. Jeddah

Nimeomba likizo nikapanda basi kuja kuchukua sahihi mwenyewe. Selipher hakunipa anwani, bali jina la mtu: Pauline, anayepika ugali katika mkahawa wa Sharafiya, nyuma ya ofisi za kutuma pesa.

Nilijitambulisha kwa ukamilifu. Nilipotaja jina la Selipher, Pauline alikaa chini pale pale jikoni, mwiko mkononi. Akauliza ni nani aliyenituma. Nikasema ni mteja mwenyewe. Akasema: "Wewe kijana, usinichezee. Selipher alikufa Aprili."

Kisha akatiririka. Kwamba Selipher aliugua, akakaa na homa siku nyingi bila daktari, akapelekwa hospitali amechelewa. Kwamba mwajiri hakutaka lawama, akaandikisha kuwa ametoroka. Kwamba mwili uko katika chumba cha maiti mpaka leo, bila jina, kwa sababu hajatokea mtu wa kusema huyu namjua. Pauline mwenyewe ikama yake, kibali cha kuishi huku, imekwisha muda; akikanyaga pale atakamatwa. Akanishika mkono. Mtu mmoja tu mwenye ikama hai, alisema. Aende na picha, aseme jina, cheti kitoke, mama yake apone na mnada.

Nilitambua mara moja mkono wa Morgan. Robo yake! Amemnunua huyu mama ili nimwache mteja! Nikamweleza Pauline kwamba kumtangaza mteja hai kuwa marehemu ni ulaghai, na kwamba katika somo la Maadili ya Biashara nilipata alama ya juu kuliko wote. Aliniangalia kama mtu anayeangalia sufuria iliyotoboka. Kisha akatoa simu kutoka kwenye mfuko wa unga, akasema ni ya Selipher, aliachiwa na muuguzi. Imezimika. Betri imevimba. Akanionyesha kwamba ndani hamna hata laini.

Wakati huo huo adhana ya adhuhuri ikaanza, mkahawa ukateremsha mlango wa chuma, na simu yangu ikalia. Alikuwa Selipher.

Niliipokea, nikaiweka sauti ya wazi ili kumwaibisha Pauline. Mngurumo ukajaa jikoni. Sufuria ya ugali, iliyokuwa ikitoa mvuke, ikaacha. Selipher akasema: "Dada Pauline, usilie. Huyu atakuja tu. Huyu akitaka sahihi haachi."

Pauline akapiga magoti na kuanza kusali kwa Kiluhya. Mwigizaji hodari, sikatai.

Mahitimisho yangu ni mawili. Kwanza, mteja wangu ana simu mbili, hivyo si maskini kama anavyodai. Pili, ananisifu mbele ya watu.

Jumamosi, 15 Novemba

Kila kitu kimefahamika!

Pauline amekuja asubuhi hadi ninapolala, macho mekundu, akaniachia picha ya Selipher na nakala ya pasipoti yake. Alisema, mwanangu, nenda tu. Nadhani dhamiri imemsuta.

Kisha adhuhuri nikazungumza na Selipher. Amekubali kila jambo! Nije na ikama yangu, na picha, na pasipoti ile. Nikifika nimwambie ofisa wa pale kwamba ninamjua, nitaje jina lake kamili na jina la mama yake, nitie sahihi katika kitabu chao. Baada ya hapo, alisema, hatakuwa na neno tena na mimi, nami nifanye nitakavyo na sahihi yake.

Nilimwuliza anakaa wapi. Akajibu bila kuficha: chumba cha maiti cha hospitali.

Ndipo akili yangu ikaunganisha mambo. Amepata kazi hospitali! Ndiyo maana mwajiri alisema ametoroka. Ndiyo maana ya mngurumo wa mafriji, na baridi, na mafua. Na hao wakubwa wake wapya wanataka mtu wa kumdhamini, mwenye ikama safi na elimu. Angesema tangu mwanzo! Mtu haoni aibu kwa kazi halali. Nilimpongeza. Nikasikia kitu kama kicheko, cha kwanza tangu tujuane, na hakikuwa cha mtu mmoja.

Nikauliza ni nani wengine. Akasema hawa nilio nao humu. Wamo Wakenya, wamo wa nchi nyingine, wengi wao wamekaa kuliko yeye. Karibu wote waliuziwa bima kama yake. Hajaja mtu kuwauliza hata majina. Wamesikia habari zangu na wangependa kuzungumza nami, mmoja mmoja, kila adhuhuri, hata nikirudi Riyadh.

Chumba kizima cha wateja! Morgan atapasuka!

Niliwaomba wasiende popote. Wakaniahidi, kwa sauti moja.

Nimekwenda kuchapisha fomu za kutosha, za kufutia bima. Nimepiga pasi shati jeupe. Kesho, Jumapili, saa nne kamili asubuhi, mlango wa nyuma wa hospitali. Selipher amesema nivae kitu kizito.