Ombi la Kuondolewa kwa Vitenzi vya Pili Kabla Theluji Haijaanguka

Sary-Taldy, Naryn
9 Oktoba

Ndugu Mhariri wa gazeti letu la wilaya,

Kwa heshima zote zinazoistahili meza yako, mimi Omurzak Beishekeev, niliyekuwa mchochea jiko la shule kwa miaka ishirini na sita, na niliyejisomea sarufi katika vitabu vilivyoletwa kuwashia moto, ninaleta lalamiko dhidi ya vitenzi vya pili vya lugha yetu ya Kikirgizi, ambavyo vimeninyima paa.

Kwanza. Inafahamika kwamba Mkirgizi hawezi kutenda jambo moja akaridhika. Kitenzi cha kwanza kikishaitaja kazi, cha pili hukifuata nyuma kama ndama. Hatusinzii; tunalala tukaenda. Hatuangui kicheko, tunacheka tukatuma. Kitabu hatukimalizi, bali tunakisoma tukatoka. Na mwenye kusahau husahau akaweka, kana kwamba wilaya ina rafu ya vilivyosahauliwa. Nimewauliza walimu watatu: huyu aliyelala akaenda, alikwenda wapi? Mmoja wao alicheka akatuma.

Pili. Nurila, mke wa mwanangu Ernis, anatarajia kujifungua kabla ya mwisho wa mwezi huu. Chumba nilichowajengea kina kuta nne na mlango mzuri wa buluu, lakini juu yake ni mbingu. Mabati yapo. Kilichokosekana ni mikono, na mikono kwetu hupatikana kwa msaragambo: mwenye nyumba hupita mlango kwa mlango kuomba, siku ikifika majirani hupanda juu, naye huchinja kondoo. Nilipita milango tisa. Ili kuepuka utata nilitumia kitenzi kimoja tu, safi, kilichonyooka: "Jumamosi, saa mbili asubuhi, ezekeni."

Tatu. Majibu yalikuwa haya. Jirani yangu Asankadyr: "Nakuja nalala, kaka, wala usiwe na wasiwasi." Ndugu Mhariri, anayekuja huku amelala atafika lini? Jumadyl, dereva wa trekta: "Nitaangalia nisimame." Huyu angalau alikuwa mkweli, Jumamosi alisimama uani kwake, akaangalia. Bibi Sabira, mjane mwenye wana wanne wa mabega mapana, alisema, "Nitawaambia niweke," na alikowaweka sijui. Hakufika mtu. Kondoo nilikuwa nimeshamchinja, nasi watu wanne tulimla siku sita mfululizo, Nurila akilia kila aonapo sufuria.

Nne. Mke wangu Batma anauvuruga uchunguzi huu kwa kudai kwamba tatizo ni mkate. Ni kweli kwamba katika kila mlango nilitolewa mkate, kama anavyotolewa yeyote apitaye, amege kidogo, aonje, kisha aende zake. Ni kweli pia kwamba nilikataa katika milango yote tisa, kwa kuwa ratiba yangu iliruhusu dakika nne kwa kila nyumba. Kwa uaminifu wa kumbukumbu nanukuu maneno yake: "Baba Ernis, mtu kaukataa mkate wangu mlangoni, halafu mimi nikamtundikie mabati? Kwa lipi hasa? Sabira kaniuliza bombani kama tuna ugomvi. Nimekosa hata pa kuuficha uso." Nilimfafanulia kwamba baina ya mkate na bati hakuna uhusiano wowote wa kisarufi. Akajibu, "Haya, kaezekee sarufi basi," akaenda kukamua ng'ombe.

Tano. Kwa hiyo naomba, kupitia safu zako, vitenzi vya pili visimamishwe kwa mwaka mmoja wa majaribio. Atakayekutwa anakuja analala apelekwe juu ya paa lililo karibu. Waimbaji wa tenzi waimbe kitenzi kimoja kwa kila tendo. Shujaa atafika vitani mapema, na wasikilizaji watawahi kulisha mifugo. Mjukuu wangu, akizaliwa, aandikishwe kuwa raia wa kwanza wa kitenzi kimoja, na asisikie cha pili hadi aote meno. Uamuzi huu uharakishwe, kwani mtoto hana subira ya kamati.

Nisalimie wachapaji wote, mpiga picha wenu mwenye kikohozi, na yule mama wa dirishani apokeaye barua pasipo kuinua macho.

Ni mimi, katika uwazi wa kauli,
Omurzak Beishekeev

Baada ya sahihi: Barua hii ilichelewa kutumwa. Jumanne asubuhi theluji ilianguka, ndani ya chumba. Nilimkuta Nurila akiifagia, na tumbo lake lile. Nikaenda moja kwa moja kwa Asankadyr. Mkate ukatolewa. Nilimega kipande kikubwa kuliko nilivyokusudia, na sentensi niliyoitunga njiani ikakwama nacho kooni. Kilichotoka ni vitenzi viwili, kama aombavyo kila mtu hapa kijijini: "Ezeka unipe."

Alikuwa ameshavaa viatu. "Kumbe kuongea unajua, kaka," akasema.

Nilionja katika milango minane iliyobaki, na sasa siwezi kuinama. Wapo watu kumi na mmoja juu ya kichwa changu, wakipigilia na kupeana vitenzi viwili viwili, na wana wa Sabira wanavitamka kwa sauti ya juu kabisa. Sijamsahihisha hata mmoja. Ndugu Mhariri, nakusihi barua hii usiichapishe. Upande wa kaskazini bado haujakwisha.