Saini Ishirini na Saba Dhidi ya Zambarau

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Nimeamka. Magoti yameamka baadaye. Nimefika kwa kinyozi kabla hajafungua, nikapangusa ubao, nikaandika maoni ya leo: "Diwani ameonekana mtaani. Mara ya mwisho kuonekana alikuwa mwembamba."

Wameyapenda. Mteja mmoja alicheka wembe ukiwa shingoni, akachanika kidogo. Kinyozi ameniomba kesho niandike kitu cha huzuni.

Niweke wazi kwa watakaosoma shajara hii nikishakufa: ubao ni wangu. Niliuokota siku shule ilipoleta mbao mpya, nikautundika ukutani kwa kinyozi, juu ya benchi la wanaosubiri. Huu mwaka wa tisa. Kila asubuhi maoni mapya, jioni kinyozi anayafuta kwa taulo lenye maji. Nyumbani nikitoa maoni, mama watoto anaongeza sauti ya redio. Kwa hiyo ubao ukiondoka nitabaki mzee wa kawaida. Hao wapo wengi, sioni haja ya kuongeza idadi.

Mchana kaja msichana wa Kampuni ya simu. Fulana zambarau, kofia zambarau, hata kucha. Kampuni inataka kuupaka mtaa mzima rangi yake, bure, duka kwa duka. Kila mwenye duka atie saini fomu. Akamwachia kinyozi bunda azigawe.

Nikamuuliza kinyozi ubao wangu utakwenda wapi. Akasema, mzee wangu, mimi nafuata mtaa. Mtaa ukikataa na mimi nimekataa. Kisha akautazama ukuta wake uliobanduka. Sikupenda alivyoutazama.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Maoni ya leo: "Wa zamani walitaka ardhi. Hawa wanataka ukuta tu. Wamekuwa na kiasi."

Chini yake Mstaafu ameongeza, kwa herufi zake zilizonyooka kama wanafunzi wa mstarini: "Fafanua."

Mstaafu alikuwa mwalimu mkuu. Ana nyumba mwisho wa mtaa, ukuta mrefu usio na kazi, na ugonjwa wa kusoma. Husoma hata ile karatasi iliyokunjwa ndani ya kisanduku cha dawa, pande zote mbili, ndipo ameze. Mimi humeza, halafu nasubiri. Tuna umri mmoja.

Mpango wa kwanza. Kinyozi alipokwenda kuchota maji nikachukua bunda lote la fomu, nikalificha ndani ya koti. Bila fomu hakuna saini, bila saini hakuna rangi. Sasa liko chini ya godoro. Nimeilalia Kampuni.

Mama watoto anasema kitanda kinatoa mlio wa karatasi. Nimemwambia ni mgongo wangu.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Ujumbe kwenye simu asubuhi. Kampuni. "Mpendwa mteja, tunakujali." Mama watoto hajaniita mpendwa tangu nyumba hii iezekwe. Nikamsomea, apate mfano. Akasema basi nikaoshewe soksi na Kampuni.

Mpango wa pili umenijia kwenye chai. Kuficha ni kazi ya mwoga. Mtaa mzima utie saini kupinga, nipeleke mwenyewe ofisini kwao. Tatizo karatasi. Nyumbani ilikuwepo moja, ina orodha ya sokoni.

Nikakumbuka godoro. Karatasi nyeupe, nzito, nyuma tupu. Mbele kuna nukta nukta tayari: jina, duka, saini. Adui kaniletea silaha mwenyewe, na risasi ndani.

Nimeandika nyuma ya kila fomu, kwa mkono, mara ishirini na nane: HATUTAKI RANGI YENU. Mbele, juu ya zile nukta, kuna maneno mengi ya herufi kama sisimizi. Hila hiyo naijua. Kampuni huandika vidogo ili usisome. Nimewakomoa. Sikusoma.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Maoni ya leo: "Harusi ya juzi ilikuwa na watu mia mbili. Hakuna aliyeiona. Wote walikuwa wanapiga picha." Utamaduni nao una haki ya kusemwa.

Kisha saini. Nimebuni utaratibu: namgeuzia mtu upande wa nyuma, anasoma tamko langu, nageuza mbele, anatia saini. Nyuma soma, mbele saini. Kazi imekwenda kama maji.

Fundi viatu aliuliza kama atafungwa. Nikamwambia wakitufunga wote watatembea na soli wazi. Akatia. Mwenye duka la dawa alikuwa anaongea na simu, akatia bila kutazama, baadaye akaniita kuuliza kama ni habari ya takataka. Nikamwambia kwa namna fulani.

Fundi cherehani ndiye aliyesoma tamko mara mbili. Mlango wa duka lake ni wa kijani, na kijani hicho alikichagua marehemu mumewe, akakipaka mwenyewe, mpaka kwenye bawaba. Akaniuliza, babu, una hakika nikitia hapa hawaugusi? Nikamwambia, mwanangu, kwa karatasi hii hawatasogea hata hatua. Akatia saini nzuri, yenye mkia.

Kinyozi akatia wa mwisho, akaguna.

Mstaafu alivaa miwani, akapita nyuma ya karatasi bila kusimama, akaanza kusoma mbele. Alisoma nikapata muda wa kukaa, kusimama na kukaa tena. Akaniuliza, umesoma huku? Nikamjibu mwandishi ni mimi. Akasema, mzee mwenzangu, soma kwanza, kwa sababu hapa juu wanasema... Nikamnyang'anya. Wivu ule. Miaka tisa anauotea ubao wangu.

Saini ishirini na saba. Fomu ya Mstaafu imebaki tupu, kama urafiki wake; nimemrudishia, nimeichomeka getini kwake.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Ofisi ya Kampuni ina baridi ya kuhifadhia maiti. Mlangoni kuna mashine inakupa namba. Walioniita mpendwa mteja hapa wananiita mia moja na kumi na mbili.

Kaunta alikuwepo yule yule msichana wa kucha. Shikamoo babu. Marahaba. Nikamwaga fomu mbele yake, nikakunja mikono kifuani, nikangoja atetemeke.

Akazipitia moja moja. Saini, muhuri. Saini, muhuri. Macho yakazidi kumtoka. Akaniuliza, babu, zote umekusanya mwenyewe? Nikamwambia kwa miguu hii miwili. Akamwita mkubwa wake. Mkubwa akanishika mkono kwa mikono yote miwili, akasema mtaa wa jirani walipeleka watu watatu wakarudi na saini tisa. Nikamwambia sisi ni mtaa wenye msimamo. Akasema anauona.

Wameniogopa. Wamenipa kalamu na mwavuli, vyote zambarau, ili nisiwaseme vibaya. Nimevipokea kama nyara za vita.

Nikarudi nikaandika: "Leo hakuna maoni. Leo kuna ushindi."

Jumapili, tarehe 10 Machi

Wapaka rangi wanne, ngazi mbili, asubuhi sana. Nilidhani wamekuja kuomba radhi. Nikawaonyesha kivuli pa kuweka ndoo.

Kufika adhuhuri mtaa wote ulikuwa zambarau. Ulifanana na mtu aliyepigwa.

Fundi cherehani alitokea akiwa na futi shingoni na mkasi mkononi, akasimama mbele ya mlango wake. Hakupiga kelele. Akamuuliza mpaka rangi nani kawapa ruhusa. Mpaka rangi akatoa karatasi. Saini yenye mkia. Juu yake, kwa herufi za sisimizi: "Mimi niliyetia saini hapa chini nakubali." Akaigeuza. HATUTAKI RANGI YENU. Mpaka rangi akasema huko nyuma ofisini hawakuangalia, kwa kawaida nyuma huwa hamna kitu.

Fundi cherehani akanitazama. Sijapata kutazamwa hivyo na mtu mwenye mkasi. Akasema, babu, ulisema hawatasogea. Kisha akaingia ndani, na cherehani haikulia siku nzima. Hapo sikuwa na maoni.

Ubao hawakuutoa. Waliupaka pamoja na ukuta, na juu yake wakaandika TUPO NAWE. Nilijaribu chaki. Rangi ya mafuta. Chaki inateleza, inaacha alama kama ya konokono. Kinyozi akaniambia pole mzee wangu, lakini macho yake yalikuwa kwenye ukuta, na yalikuwa na furaha.

Ukuta mmoja tu haukupakwa mtaa mzima. Wa Mstaafu.

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Nimekaa nyumbani. Nimeiambia redio maoni yangu kuhusu waziri. Redio ikaendelea. Mama watoto akasema niende kwa Mstaafu nikaombe ukuta kabla sijaanza kubishana na kabati. Nikamwambia bora nife. Akasema sawa, ila nikitoka nichukue mwavuli, mvua inakuja.

Nikaenda.

Mstaafu alinifungulia geti, akautazama mwavuli toka mpini hadi ncha, kama anausoma. Kwake nikamkuta fundi cherehani, ameketi na fomu ile isiyo na saini. Mstaafu alikuwa anamwonyesha kwa kidole: mstari wa kumi na nne, mtu anaweza kujitoa ndani ya siku saba, na Kampuni itarudisha rangi ya awali kwa gharama zake.

Bahati hiyo. Yaani imetokea tu mstari kama huo uwepo.

Nikampitia kinyozi, nikarudi: yeye hataki kujitoa. Anasema wateja wameongezeka, wanakuja kupiga picha.

Nikamwomba Mstaafu ukuta. Ilinichukua vikombe viwili vya chai kufika kwenye neno lenyewe. Akasema atafikiri, na akikubali ataweka kwa maandishi. Nikamwambia aandike anavyotaka.

Jumanne, tarehe 12 Machi

Mlango wa fundi cherehani umeanza kurudi kijani. Amesimama juu ya stuli, anamwelekeza mpaka rangi asisahau bawaba. Nilimsalimia. Aliitika, ila kwa kichwa tu. Nimepokea.

Mchana Mstaafu kaleta makubaliano ya ukuta. Kurasa mbili, pande zote, herufi zake zile zile, ila amezibana sana. Akaniambia nisome kwa utulivu, hana haraka, atapita kesho. Nikamwambia mimi si mtu wa kutishwa na karatasi. Nikatoa kalamu ya Kampuni, inaandika vizuri sana, nikatia saini pale pale getini kwangu. Akauliza kama nina hakika. Niliona ameniogopa.

Kesho naanza, na ukuta ule ni mara nne ya ubao. Nimekwisha kutunga ya kwanza: "Watu wa mtaa huu wanatia saini chochote."

Nakala yangu anayo mama watoto, ameketi mlangoni penye mwanga. Amefika ukurasa wa pili. Amezima redio, anacheka mpaka anafuta machozi kwa khanga, na kila nikimuuliza kuna nini ananiita mpendwa.