Salamu kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Agosti
Mke wangu Khalayi bado yuko kwao Likuyani. Eti naamrisha watu kama marehemu baba. Uongo mtupu! Jumamosi ni ukumbusho wa baba. Khalayi atakuja na mama yake, nami nitamwomba arudi. Kaka yangu Titus anawapigia wageni simu mmoja mmoja, kishamba kabisa. Mimi naandika programu ya kompyuta itakayomtumia kila mgeni salamu za mwaliko.

Jumanne, 5 Agosti
Katika programu, klasi mzazi, yaani aina ya jumla ya watu, ni Mgeni. Salamu yake: karibu, tutakukumbatia, utalala kwangu. Klasi mtoto ni Mkwe. Inarithi yote ya Mgeni, ila nimeipa salamu yake ya heshima. Mama mkwe hata mkono simpi, sembuse kitanda! Shantel, anayefundisha kompyuta hapa mjini, akasema nimesahau neno virtual kwenye salamu ya mzazi. Bila neno hilo, nikiwaweka wote katika orodha ya Mgeni, kompyuta itachukua salamu ya Mgeni tu, haitaangalia kila mmoja ni nani hasa. Nikamwambia mtoto anajijua mwenyewe. Nimetuma.

Jumatano, 6 Agosti
Ole wangu! Titus amekuja akicheka mpaka anashika mbavu. Mama mkwe ameahidiwa kukumbatiwa na kulala kwangu. Na mkwe wake! Alisomewa ujumbe mbele ya akina mama wa kanisa. Haji. Khalayi naye haji.

Jumamosi, 9 Agosti
Viti vya wakwe vimekaa vitupu siku nzima. Titus ameongea vizuri juu ya baba, watu wakalia. Mimi nimelilia viti. Shantel akaniambia kwa upole nirekebishe pale kwa mzazi, niongeze lile neno virtual, au nipige simu tu kama Titus. Nikamfokea: kwangu mzazi haguswi! Akasema sasa anamwelewa Khalayi. Maneno hayo yameniuma sana.

Jumapili, 10 Agosti
Nimepata dawa! Mzazi sijamgusa. Nimeandika klasi mjukuu, MkweAliyekasirika, inayorithi Mkwe. Salamu yake ni ya kuomba msamaha, ya kupiga magoti kabisa. Nimemwingiza mama mkwe katika orodha ileile ya Mgeni, nikatuma. Nimefagia nyumba, nimeweka slipa za Khalayi mlangoni. Simu inaonyesha ujumbe umefika Likuyani. Sijausoma. Ya nini? Si nimeuandika mwenyewe.