Difu ya Marehemu Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Juni

Kigari cha marehemu baba mkwe kimelala uani kwangu! Milango miwili, taa za mviringo, kwa umri kinamzidi mke wangu. Mama mkwe ametoa sharti mbele ya familia nzima: Jumapili nimpandishe kile kilima hadi mlangoni kwake, asishuke mtu kusukuma. Nikiweza, kigari changu. Nikishindwa, kinakwenda kwa shemeji, kaka mkubwa wa mke wangu. Leo amekizunguka mara tatu akipiga magurudumu mateke, utadhani amekwisha kabidhiwa.

Mwaka wa tisa huu nimemwoa binti yake, na mama mkwe bado ananiita "huyu". Huyu amekula? Huyu anaondoka lini? Natamani siku moja aniite mwanangu. Basi, nimeandika. Hakuna anayesoma humu.

Tatizo ni moja: hakina mbio. Kikifika sitini kinalia mpaka mbwa wanaitikia. Leo, barabarani kwenye tambarare, nimepitwa na muuza mikate, tena kwa baiskeli. Akanipungia mkono.

Jumanne, 4 Juni

Fundi amenionyesha mchawi wangu: difu, lile pande la chuma kati ya magurudumu ya nyuma. Alichora alama ya chaki kwenye shafti, ule mhimili unaotoka mbele kuingia kwenye difu, akazungusha magurudumu mzunguko mmoja, tukahesabu. Shafti ilizunguka mara tano kasoro kidogo. Ndiyo maana kilimani kina nguvu na tambarare hakina mbio.

Stoo anazo mbili nyingine zinazoingia: ya nne, yaani shafti mara nne kwa mzunguko mmoja wa magurudumu, na ya tatu na nusu. Namba ikipungua, mbio zinaongezeka na nguvu ya kilimani inapungua. Alinishauri niache ya zamani. Nikizidiwa na tamaa, nichukue ya nne. Ya tatu na nusu, alisema, ni ya watu ambao wakwe zao hawakai vilimani.

Nimechukua ya tatu na nusu. Kilima nitakivamia kwa kasi kabla hakijajua kinachoendelea.

Fundi akauliza marehemu alikuwa akipanda vipi. Nikamwambia: gia ya pili, saa tisa alasiri kamili, kila siku kwa miaka thelathini. Mtu asiye na haraka hata kidogo!

Difu ya zamani nimeificha jikoni nyuma ya gunia la mkaa, shemeji asije akagundua. Nimeichora nayo alama ya chaki inayotazama juu, nijue ikiguswa. Mke wangu ameitazama difu, kisha akanitazama mimi.

Jumatano, 5 Juni

Raha! Nimempita muuza mikate. Nikampungia.

Saa tisa alasiri nilikuwa jikoni nakunywa chai. Nyuma ya gunia chuma kikasaga, polepole, kisha kimya. Nikachungulia. Ile alama ya chaki ilikuwa inatazama sakafu.

Mke wangu hakuacha kumenya vitunguu. Akasema hii ndiyo saa ya baba kurudi nyumbani.

Nywele zilinisimama. Kisha akili ikanirudia: shemeji! Amepita dirishani ili anitie hofu, nirudishe kigari mwenyewe. Dirisha lina nondo, na shemeji ni mpana kuliko mlango. Sijui amefanyaje, ila ni yeye.

Alhamisi, 6 Juni

Mtego. Nimemwaga unga sakafu nzima ya jikoni, nikakaa uani na saa mkononi. Saa tisa, ule msago. Nikafungua mlango kwa kishindo.

Unga ulikuwa mweupe, laini, bila alama ya mguu wowote. Chaki imegeuka tena. Na jikoni kulikuwa na ile harufu ya kofia ya baba mkwe, sabuni na petroli, kama vile mtu ametoka kuivua. Nimeogopa, nasema kweli. Niliita "Shemeji?" na sauti ikatoka nyembamba.

Mke wangu amenipa ufagio.

Ijumaa, 7 Juni

Nimeifunga difu kwa kamba ya kuanikia nguo, ncha ya pili kwenye mguu wa meza. Saa nane na dakika hamsini na tisa nikampigia shemeji simu. Akapokea akiwa dukani kwake, wateja wanasikika. Nikamshikilia na habari za hali ya hewa mpaka saa tisa na dakika tano.

Nilipoingia jikoni, meza ilikuwa imevutwa mpaka kwenye gunia. Kamba imejiviringa kwenye difu vizuri kabisa. Nikahesabu mizunguko. Mitano kasoro kidogo.

Basi shemeji ana msaidizi.

Jumamosi, 8 Juni

Sikuingia jikoni. Tumekula uani.

Jumapili, 9 Juni

Mama mkwe aliketi nyuma. Kiti cha mbele alikataa, akasema kina mwenyewe. Shemeji alitufuata kwa gari lake, kamba ya kuvutia mkononi na tabasamu usoni.

Nilikivamia kilima kwa kasi. Kilima kilikuwa kinajua. Nikaingia gia ya pili, nikashuka ya kwanza, injini ikakohoa, ikazima katikati ya mwinuko. Nikakanyaga breki. Jasho likanitiririka. Ndege walikuwa wameacha kulia. Saa yangu ilisema tisa kamili.

Nilitoa gia ili nijaribu kuwasha tena. Ufunguo haukugeuka. Mguu ukateleza kwenye breki.

Kigari hakikurudi nyuma. Kilipanda.

Injini imezima, kimya, kinapanda, mwendo ule ule wa mtu asiye na haraka. Usukani ulikata kona wenyewe chini ya mikono yangu. Kwenye kioo nilimwona shemeji amesimama kule chini na kamba yake, mdomo wazi. Hakuna aliyekuwa akisukuma. Kiti cha pembeni yangu kilikuwa kimebonyea.

Mama mkwe akainama mbele, akakiambia kile kiti, kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake:

"Msamehe, mume wangu. Huyu naye ni mwanangu, ila hasikii."

Nililia. Sijui kwa woga au kwa furaha, vyote vilikuwepo.

Mlangoni alinikabidhi ufunguo. Akasema neno moja tu, kumbe binti yake alikwisha kumwambia: difu ya mzee nisiitoe nyumbani kwangu.

Nyumbani nilimkuta mke wangu kakaa mbele ya gunia la mkaa. Difu ilizunguka robo saa nzima, alisema. Nikaigusa, ikaniunguza vidole.

Jumatatu, 10 Juni

Nimelala vizuri, nimefikiri vizuri. Jambo limethibitika: ya tatu na nusu inapanda kilima kile hata injini ikiwa imezima! Fundi alikuwa ananitisha bure. Nimempigia simu anitafutie ya tatu kasoro kidogo. Jumapili nampandisha tena mama mkwe, na shemeji nimemwambia kamba aiache nyumbani.

Ile ya zamani inatuletea vurugu jikoni. Asubuhi nimempa mnunuzi wa vyuma chakavu, akaondoka nayo kwenye mkokoteni. Mke wangu hasemi nami.

Saa tisa jikoni kimya kabisa. Nimetoka uani kuosha kigari. Kimegeuka. Pua yake inatazama lango, upande ule ulikokwenda mkokoteni, na mlango wa abiria uko wazi.

Shemeji huyo! Nimemwaga unga uani kote.