Kamera kwa Kadi ya Nsajigwa

Jumatatu, 6 Juni 2005

Siku mbaya. Meshaki wa Kiwira amenunua kamera ya dijitali. Anampiga mtu picha, anamgeuzia kioo, mtu anajiona papo hapo. Filamu zangu bado zinapanda basi kwenda kusafishwa Mbeya, na zikirudi unakuta bwana harusi kafumba macho. Leo Ackson, niliyempiga picha tangu yuko darasa la saba, kaniambia harusi yake atampa Meshaki. Kaomba nisimfikirie vibaya. Namfikiria vibaya sana! Mambo yakienda hivi mpaka mwisho wa mwaka, studio nafunga, narudi kuuza vitunguu na baba sokoni.

Nikaenda kwa Tulia, mwenye kompyuta za intaneti pale stendi. Kamera nimeiona! Iko Uingereza, nyeusi, na fedha yake ninayo. Mashine ikadai namba ya kadi. Nikaingiza ya mpiga kura. Ikakataa. Nikaingiza ya chama. Ikakataa. Nikakimbia nyumbani kuchukua kadi ya kliniki. Tulia kacheka mpaka kashika meza. Kasema wanataka kadi ya benki, na hapa Tukuyu yeye hajaiona hata moja. Nimetoka bila kuaga.

Jumatano, 8 Juni

Nimemkumbuka Nsajigwa! Tulikaa dawati moja shuleni. Sasa ni nesi hukohuko Uingereza. Kadi lazima anayo. Nikambipu, akapiga. Nikamweleza: anunue yeye, mimi nitamrudishia fedha. Kasema fedha zangu hazihitaji. Mama yake, Bi Elina, yuko peke yake Kisiba. Niwe naenda kila Jumamosi, nimlimie, nile naye, nikae naye. Siku mama mwenyewe atakaposema kwenye simu kwamba ameridhika, ananunua na kutuma. Hapo akakohoa, akasema kwao kuna baridi.

Kamera kwa kukaa na bibi! Masikini Nsajigwa, Ulaya imemharibu akili. Nimekubali kabla hajaghairi.

Jumamosi, 11 Juni

Si mchezo. Bi Elina kanipokea kwa jembe. Ukungu, tope, na migomba haina mwisho. Mchana kanipa kisu na jogoo nichinje mwenyewe, maana yeye ni Mmoraviani na anajua Mwislamu hali cha kuchinjiwa ovyo. Jogoo kanizungusha shamba zima. Bibi kakaa mlangoni anasema pole, mwanangu, pole.

Baada ya kula ndipo balaa lenyewe: kukaa. Bibi haongei haraka. Anaanza habari ya marehemu mumewe, ananyamaza, anatazama nje, anaendelea palepale alipoachia. Nikachungulia saa. Kaniuliza kama nina haraka. Nikasema sina, huku nimeshasimama. Kanishukuru kwa Kinyakyusa, ndaga fijo, na kunifungia ndizi. Mgongo wangu umekufa.

Alhamisi, 16 Juni

Nimepata dawa. Amna! Mke akienda, mume kaenda. Tangu tumzike mama yake mwaka jana hana raha, anashinda anapepeta mchele uliokwisha pepetwa. Bora apepete Kisiba kwa faida. Nimemwambia ni kwa ajili ya afya yake. Kakubali.

Jumamosi, 18 Juni

Amna karudi jioni na maziwa mgando, matope mpaka magotini, anacheka peke yake. Kicheko hicho nilikuwa nimekisahau. Kasema alimsimulia Bi Elina habari za mama yake, wakalia wote wawili, kisha wakamenya ndizi. Nikamuuliza kama alinitaja. Kasema walisahau.

Walisahau! Nimempa maagizo kwa Jumamosi ijayo: alitaje jina langu, Zubery, wakati wa kula na wakati wa kuaga.

Jumamosi, 2 Julai

Amna sasa anakwenda hata katikati ya wiki. Nimemwonya kwamba tunalipa kupita kiasi. Kajibu kwamba yeye hamlipi mtu. Wanawake hawajui biashara.

Jumapili, 3 Julai

Ushindi! Nsajigwa kapiga simu. Mama kasema ameridhika, tena kwa furaha. Nilitaka kumtajia kamera ni ipi, kasema anaijua, kakata. Nimepanda gari hadi Kiwira kumwambia Meshaki ajiandae kulima. Kaniuliza kulima nini. Nimemwacha na hofu yake.

Jumanne, 26 Julai

Mzigo umefika posta. Nimevaa koti. Karani kasoma jina: Amna. Nikamweleza kwamba Amna ni wangu. Kasema basi nimlete, na kitambulisho.

Nikambipu Nsajigwa kwa hasira. Kaeleza kwa upole. Mama kaulizwa ashukuriwe nani. Kasema Zubery alikuja mara moja, mtu mwenye saa. Aliyekaa naye ni Amna, basi Amna anunuliwe anachotaka. Amna kasema anataka kamera. Kumbe walizungumza kwa simu ya bibi, na mimi mume sina habari!

Nyumbani nikamuuliza Amna kamera ya nini, na mpiga picha yumo ndani. Kasema anataka kumpiga Bi Elina. Kasema mama yake alikufa bila picha hata moja, na mkwewe ana studio. Aliniomba mara ngapi, nikamwambia tusubiri filamu ibaki. Akaingia chumbani.

Nimebaki sebuleni. Kweli aliniomba. Lakini filamu wakati ule ilikuwa ghali, hilo nalo alifikirie.

Jumapili, 7 Agosti

Kicheni pati ya binti wa Felista, jirani yetu. Mwanaume haingii, ndiyo desturi. Meshaki kazuiwa mlangoni na kamera yake. Mimi pia. Tumekaa benchi moja nje, tunasikia vigelegele. Amna yuko ndani na kamera.

Wametoka mabibi harusi watatu watarajiwa, kila mmoja anamtaka Amna. Studio haifungwi tena! Nimemweleza Meshaki kwamba yote haya niliyapanga tangu mwanzo. Kanipa karanga. Nimembebea Amna mwavuli na mkoba mpaka nyumbani, kwa kuwa mkuu wa kazi lazima aonyeshe mfano.

Jumatatu, 8 Agosti

Sasa inahitajika mashine ya kuchapisha picha hapahapa Tukuyu. Nimeiona kwa Tulia. Inadai kadi ileile. Amna amekataa katakata kumsumbua Nsajigwa. Kasema Kisiba anakwenda kwa mama, haendi dukani. Sawa.

Nimefanya uchunguzi. Nkunga kuna Mzee Ambindwile, aliyefiwa na mkewe, binti yake yuko Kanada na kadi anayo. Nimezungumza na binti kwa simu. Masharti ni yaleyale: mzee akae na mtu, asikilizwe, aridhike. Nimekubali kwa niaba ya studio.

Ila Nkunga ni mbali, na mgongo bado. Jumamosi nitamtuma mdogo wangu Rajabu. Kijana mpole, msikivu, wazee wanampenda sana. Nimemwambia jina langu alitaje.