Utepe Uliogoma Kuvulika

Jumatatu, 28 Septemba
Wiki ya kuishi bila ukatili imeanza hapa kwenye kiwanda cha mikate. Ni yaleyale ya kila mwaka: tunafungwa utepe mweupe mkononi, na atakayemfokea mwenzake au kumgusa kwa hasira anauvua mwenyewe. Wangu huwa haufiki saa ya chai. Safari hii, thubutu! Mke wangu na binti yetu wako kwa mama mkwe tangu mwezi uliopita. Ametuma ujumbe: Ijumaa watakuja kwenye kilele, na akinikuta na utepe watarudi nyumbani. Nyumba imepooza. Napika chakula cha watu watatu, nakila peke yangu, nasononeka.

Jumanne, 29 Septemba
Muoka mikate wetu ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Mpole kupita kiasi! Nikisimama karibu yake naonekana chui. Dawa ni yeye avue kwanza. Nimemfichia pauro la kutolea mikate tanuruni. Akaazima ubao, kazi ikaendelea. Nimemtilia chumvi kwenye chai. Akaimaliza, akanishukuru, eti tangu asubuhi alikuwa na kizunguzungu. Mtu gani huyu?

Jumatano, 30 Septemba
Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Nimeushona utepe kwenye mkono wa koti kwa uzi wa magunia. Sasa ulimi ukiteleza, shauri lake!
Na uliteleza. Kijana anayekanda unga alimwaga ndoo ya hamira; nikamtukana mpaka nikaishiwa matusi, nikampiga kikumbo. Wote wakatazama mkono wangu. Nikauvuta utepe mbele yao, nikasema haya, mashahidi ni nyinyi, umegoma. Msimamizi akasema utepe ni wangu na dhamira ni yangu. Shemeji alinivuta kando, akaniambia taratibu kwamba dada yake hatakuja kukagua kitambaa. Asiyejua maana haambiwi maana. Nikamwacha.

Ijumaa, 2 Oktoba
Walikuja. Binti yangu karefuka! Moyo ulinijaa, nusura nilie mbele za watu. Msimamizi akasoma majina ya tuliobaki na utepe, watu wakapiga makofi. Nikawakimbilia, nikanyanyua mkono juu wauone vizuri.
Mtoto akachuchumaa, akafunika kichwa kwa mikono miwili.
Makofi yakakatika. Mke wangu hakuutazama utepe hata kidogo. Alimbeba mtoto, mkubwa vile, wakatoka. Shemeji akawafuata bila kuaga.
Nimelia. Sioni aibu kuandika. Lakini nimekaa, nimetafakari, na kosa nimeliona: yale makofi ndiyo yaliyomshtua mtoto. Nani asiyejua kwamba ni njama za shemeji?
Kesho asubuhi naenda kwa mama mkwe kuwaeleza kwa upole. Nitabisha hodi kistaarabu, mara moja. Wasipofungua, mlango wenyewe ni wa mbao nyepesi. Teke moja tu.